Mume Wangu Alipompikia Mbwa

Mwaka ule niliamini kabisa kwamba mume wangu ana mwanamke mtaa wa Mirongo.

Nilikuwa na sababu. Alikuwa anatoka kazini saa kumi jioni, na kutoka kiwandani mpaka kwetu Buswelu kwa baiskeli hakuchukui hata saa nzima, lakini yeye alikuwa anaingia jua likizama, shati linanuka nyama ya kuchemsha. Harufu ya samaki nilishaizoea. Alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na samaki alikuwa hamtoki mwilini hata umsugue kwa sabuni ya mche. Hii ilikuwa nyama ya ng'ombe, tena yenye karoti ndani. Sisi nyama ya ng'ombe tulikuwa tunakula Jumapili, na si kila Jumapili.

Siku moja nikakuta kwenye mfuko wa suruali yake kipande cha gazeti la bucha chenye damu iliyokauka. Juma lililofuata mwiko wetu mdogo ukapotea. Kisha nikapanda kwenye kigoda kufuta vumbi juu ya kabati, nikaona sufuria ndogo haipo.

Ile sufuria tulikuwa tunapikia uji wa mtoto. Tulijaliwa mtoto mmoja, wa kiume, akaishi mwaka mmoja na miezi miwili. Alipoondoka niliiosha ile sufuria, nikaifunika kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati, na hatukuizungumzia tena. Kabla ya hapo mimi nilikuwa mama fulani na yeye baba fulani, kama watu wote. Baada ya hapo jina lile likawa halitamkiki. Yeye akawa ananiita Mwalimu, kwa kuwa nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na mimi nikawa namwita Fundi, kama wateja.

Sasa ameichukua sufuria ya mtoto wangu akampelekea mwanamke. Nilishuka kwenye kigoda taratibu, nikishikilia kabati.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenieleza nyumba yenyewe. Alisema anaona baiskeli ya mume wangu imeegeshwa karibu kila jioni kwa mama ntilie mmoja, mjane, aliyekuwa anawauzia chakula wafanyakazi wa kiwandani mchana. "Mimi simo," aliniambia, "lakini ungekuwa wewe umeona ya kwangu, ningependa uniambie." Ijumaa nikamwomba ruhusa mwalimu mkuu, nikasema jino linaniuma. Nikaenda mjini, nikafuata njia ya kando ya mto Mirongo mpaka nikaiona baiskeli.

Nilisimama nje ya mlango wa mabati wa ua. Nikasikia sauti ya mume wangu ikisema, "Kikipoa ndiyo nimpe." Halafu mwanamke akacheka, akasema, "Fundi, wewe ulipaswa kuzaliwa mwanamke."

Nikausukuma mlango.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, mikono ya shati ameikunja, anakoroga kwa mwiko wetu ndani ya sufuria ya mtoto. Yule mjane alikuwa amekaa mbali kabisa, upande wa pili wa ua, anachambua mchele kwenye ungo. Na kati ya miguu ya mume wangu kulikuwa na mtoto wa mbwa, wa rangi ya kahawia na mgongo mweusi, masikio bado yameanguka, ametulia anaitazama sufuria kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Mwalimu," alisema mume wangu. Hakusimama, kwa sababu chakula kingeungua.

"Karibu, dada," alisema yule mjane, akainuka kunitafutia kiti.

"Sikai," nikasema.

Mpaka leo nasema afadhali ningekuta mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya. Ningepiga kelele, ningemvua kilemba, ndugu wangeitwa, tungekaa kikao. Lakini pale nilimkuta mume wangu anapika, mtu ambaye kwa miaka mitano ya ndoa nilikuwa sijawahi kumwona akiinua mfuniko wa sufuria zaidi ya kuchungulia kilichomo.

Alinieleza njiani tukirudi, akisukuma baiskeli. Mitambo ya barafu ilikuwa imezimika siku ya mzigo mkubwa, yeye akahangaika nayo mpaka ikawaka, samaki wakapona. Meneja wa kiwanda, mgeni kutoka nje, alikuwa na mbwa jike wa kizungu aliyekuwa amezaa. Akampa mume wangu mtoto mmoja kama shukrani, pamoja na karatasi ya maelekezo ya chakula. Miaka ile watu walikuwa wameanza kuleta televisheni na redio za kaseti kutoka Dar na Nairobi, na wezi nao wameanza, kwa hiyo mbwa wa namna ile alikuwa anatafutwa.

"Kwa nini hukumleta nyumbani?" nikamuuliza.

"Wewe ulisema hutaki kitu kinachokua ndani ya nyumba."

Kweli nilisema. Juma moja baada ya mazishi jirani alituletea kitoto cha mbuzi, nami nikamwambia akirudishe, na nikasema maneno hayo.

"Na sufuria?"

Aliipitisha baiskeli kando ya dimbwi. "Ndiyo ndogo tuliyokuwa nayo," akasema.

Nilimwambia amlete. Haukuwa wema. Nilitaka sufuria irudi mahali ninapoiona, na nilitaka mume wangu aache kukaa kwenye ua wa mjane mwenye vidole virefu anayemwambia alipaswa kuzaliwa mwanamke. Kesho yake jioni akaja, kapu limefungwa nyuma ya baiskeli, na pua nyeusi inachungulia juu ya kapu.

Mimi nilikiita kijibwa. Hata mbele ya wageni nilisema kijibwa, kile kijibwa, kijibwa cha Fundi.

Jioni ileile akanitolea karatasi ya meneja. Kiingereza cha mume wangu kilikuwa cha mashine, valvu na kompresa. Cha karatasi kilimshinda, na mpaka siku ile alikuwa anakisia. Akaniomba nimsomee. Alivuta kiti, akachukua daftari moja kati ya madaftari yangu ya shule, akaichonga penseli kwa wembe. Nikasoma. Mtoto wa mbwa apewe chakula mara tatu kwa siku mpaka afikishe miezi sita. Nusu ya chakula iwe nyama, samaki au mayai. Nusu nyingine igawanywe kati ya wanga na mboga. Mafuta kijiko kidogo. Maini mara moja kwa juma, yasizidi. Maganda ya mayai yakaushwe, yasagwe yawe unga, kwa ajili ya mifupa. Samaki atolewe miiba yote. Chumvi hapana. Kitunguu hapana.

"Kwa nini maini yasizidi?" akauliza.

"Haijaandikwa."

"Na maganda ya mayai, kiasi gani?"

"Nusu kijiko cha chai."

"Cha kujaa au cha kufuta?"

Nilimtazama mwanamume huyu ameshika penseli. Darasa la tano nilikuwa nafundisha sayansi kimu. Makundi ya chakula nimeyachora ubaoni mara ngapi, samaki huku, ndizi kule, mchicha pale. Mwanawe alipoanza kula, baba yake alikuwa anatoka asubuhi anarudi jioni, na uji ulikuwa kazi yangu. Hakuniuliza kama ni kijiko cha kujaa au cha kufuta. Ndiyo miezi aliyokuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, anazunguka mjini kutafuta kibarua, nami nimerudi darasani na mtoto namwacha kwa jirani. Uji wenyewe ulikuwa wa unga mtupu. Mimi niliyekuwa nachora samaki ubaoni.

"Cha kufuta," nikasema, na haikuwa imeandikwa.

Basi akaanza kupika nyumbani. Kila jioni alirudi na mapanki. Minofu ya sangara ilikuwa inapanda ndege kwenda kuliwa na watu wengine, sisi wa Mwanza tukabakiwa na mapanki, yaani kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo iliyoponyoka kisu. Mume wangu aliyachemsha, akaketi kwenye kigoda kuchambua nyama kwa vidole, anapapasa kila kipande kutafuta miiba kama mtu anayechambua mchele wa mgeni. Viazi vitamu alivichemsha pembeni, boga alilikata vipande vidogo, mchicha aliukatakata mpaka ukawa kama tumbaku. Maganda ya mayai aliyaanika juu ya bati, akayatwanga kwenye kinu changu. Alichanganya vyote, akaonja. Akakipuliza. Alikuwa anaweka sahani mkononi, anainama na kukipuliza chakula cha mbwa mpaka kipoe.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa jiko na ugali wangu na dagaa.

"Na sisi je?" nilimuuliza siku moja.

"Sisi tumeshakua," akasema, bila ubaya wowote.

Sikuwa mjinga. Nilijua kinachoniuma ni wivu, na nilijua ni aibu mtu mzima kumwonea wivu mbwa. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Shuleni waliniuliza kuhusu Mirongo, nikasema ni mambo ya kazi, yamekwisha. Wakanipongeza. Nikirudi nyumbani nakikuta kijibwa kimelala kwenye kivuli, tumbo limejaa, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na moyo unanichemka. Kikimsikia mume wangu akipiga kengele ya baiskeli kule barabarani, kinaruka. Naye anacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mazishi, na kilipotoka kikatoka kwa ajili ya kijibwa. Na yule mjane naye hakukoma. Jumamosi alikuwa anatuma maini kwa mume wangu, yamefungwa kwenye jani la mgomba, na salamu. Salamu zenyewe hazikuwa zangu.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikamkuta mume wangu ameazima mizani ya ndoano kwa wanunuzi wa samaki, ameitundika kwenye boriti ya jiko. Alikuwa amekata mfuko wa unga, akatoboa matundu manne ya miguu, akakitia kijibwa ndani, kikawa kinaning'inia na miguu yake minne inachezacheza hewani.

"Mwalimu, njoo uone! Ameongezeka!"

Kila mama wa Tanzania anajua watoto wanapimwaje kliniki. Wanavalishwa kile kibukta, wananing'inizwa kwenye mizani, wanalia. Nesi anaweka nukta kwenye kadi, nukta inaungwa na nukta iliyotangulia, na wewe unatazama mstari unapanda au unashuka. Mimi nilikuwa naenda peke yangu. Miezi mitatu mfululizo niliuona mstari wa mwanangu ukishuka. Mume wangu hakuwahi kumwona mwanawe kwenye mizani.

Alikuwa ameshika kipande cha mkaa, anaandika kilo kwenye mlango wa jiko. Palikuwa na namba nne zimepangwa, kila moja kubwa kuliko iliyo juu yake.

Nilipita, nikaingia ndani, nikavua viatu vya kanisani. 

Muda mfupi baadaye kiwanda kikampeleka upande wa Mara, karibu na Musoma, wanakofungua kituo cha kupokelea samaki. Majuma matatu. Kabla ya kuondoka alinipanga kama anayeacha mgonjwa. Alinunua mayai, viazi, dagaa wakavu waliosafishwa. Alipanga na mwenzake awe ananiachia mapanki njia panda kila baada ya siku mbili, na maini nikayachukue kwa mjane Jumamosi. Akalifungua lile daftari mbele yangu.

"Mara tatu, Mwalimu. Ya mchana usiisahau."

"Nimesikia."

"Na umpulizie. Akila cha moto anaungua ulimi."

"Nimesikia, Fundi."

Akapanda gari. Siku ile ya kwanza nilikaanga mayai mawili, nikaketi kizingitini nikiyala polepole, na kijibwa kimekaa mbele yangu kinatazama kila tonge. Nilipomaliza nilikipa ugali. Kesho yake ugali. Njia panda sikwenda, yule mwenzake baada ya mara mbili akaacha kusubiri. Kwa mjane ndiyo kabisa. Dagaa nikajipikia kwa nyanya na karanga, viazi nikala, mayai nikayamaliza yote. Sikukipiga kijibwa, sikukifukuza. Nilikipa ugali asubuhi na jioni, na kila nikiuweka chini nilijisikia raha fulani chungu, kama unapobonyeza jipu. Kwa nini kijibwa kishibe, na mwanangu hakushiba?

Juma la pili kiliacha kunifuata. Kilikuwa kinabaki kwenye gunia lake. Manyoya yakafifia, tumbo likatoka mbele na mbavu zikaonekana juu yake. Mimi nikasema ni deko, kinamkumbuka bwana wake.

Asubuhi moja ya juma la tatu nilitoka na bakuli, nikakiita. Kikajaribu kuinuka. Miguu ya mbele ikapinda kwa nje, kikakaa. Kikajaribu tena. Halafu kikalaza kichwa, kikanitazama kwa chini, bila kulia.

Mtazamo ule naujua. Mtoto mwenye njaa ya siku nyingi halii. Watu wanadhani analia. Anatulia, anakutazama, na wewe unajidanganya kwamba ni mpole.

Bakuli lilinidondoka. Nilikitia kwenye kapu, nikajitwika, nikaenda nacho mbio kwa bwana mifugo wa kata. Watu njiani wakacheka, Mwalimu amebeba mbwa kichwani. Bwana mifugo alikuwa mzee wa taratibu, amezoea ng'ombe. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba huku tayari anapapasa miguu ya kwenye kapu.

"Huyu anakula nini, Mwalimu?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Ugali."

Akanitazama juu ya miwani. Nesi wa kliniki aliwahi kuniuliza maneno hayohayo. Anakula nini? Uji. Na nini? Nilianza kulia pale ofisini kwake, kati ya makopo ya dawa ya kuogeshea mifugo, na mzee akadhani nalilia mbwa.

"Hajafa," akasema. "Mifupa imekosa chokaa na mwili umekosa nyama. Nitampa dawa ya minyoo. Lakini dawa yenyewe iko jikoni kwako. Bado mdogo huyu, atanyooka."

Nikaenda njia panda kumtafuta yule mwenzake wa mume wangu. Nikaenda Mirongo. Yule mjane alinikuta nimesimama pale pale penye mlango wa mabati, akaniangalia.

"Nimekuja kuchukua maini," nikasema.

"Nilijua utakuja. Ila umechelewa, dada," akasema. Akaingia ndani, akanitolea.

Nyumbani nililitoa daftari la mume wangu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, mstari wa maganda ya mayai ameupigia chini mara mbili. Nikaishusha sufuria ndogo. Tangu mazishi nilikuwa sijaishika kwa kupikia. Nikachambua mapanki, na mwiba mmoja ukanichoma kidole. Nikaponda viazi, nikakata mchicha, nikatwanga maganda. Nikaonja. Hakina ladha yoyote. Nikakipuliza, nikamlisha kwa kidole, kidogo kidogo, kichwa chake kimelala kwenye paja langu. Siku ile ndiyo nilianza kusema mbwa.

Siku sita nilimlisha hivyo, ya mchana narudi mbio kutoka shuleni wakati wa mapumziko, chaki mkononi. Siku ya nne akasimama. Siku ya saba mume wangu akarudi.

Ningeweza kumdanganya. Nilishawaza kusema aliugua. Lakini nilikuwa nimempima mwenyewe kwenye ule mfuko wa matundu manne, na nimeandika kwa mkaa mlangoni, na namba ile ilikuwa ndogo kuliko iliyo juu yake. Aliisoma kabla hajaweka begi chini.

"Ameumwa?"

"Nilimnyima."

"Ulimnyima nini?"

"Kila kitu. Nilimpa ugali. Mayai nilikula mimi."

Alimwinua mbwa, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye miguu ya mbele. Nilisubiri anipige au anitukane, ingawa hakuwa mtu wa hivyo. Akakaa kwenye kigoda.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu mwanangu hukumpikia."

Ndilo neno nililokuwa nalo, na lilitoka kwa sauti kubwa mpaka jirani akanyamazisha redio. Nikaendelea. Nikamwambia kuhusu mizani. Nikamwambia hujui hata alikuwa na kilo ngapi. Nikamwambia kuhusu kijiko cha kufuta na cha kujaa. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akimkuna mbwa shingoni.

"Nilikuwa nadhani uji ni uji," akasema. "Uliponiambia mstari umeshuka, nikakwambia utapanda. Nikatoka. Sikuuliza anakula nini. Sasa huyu kila siku naulizia."

"Kwa hiyo unajifunzia kwa mbwa?"

"Ningejifunzia kwa nani?"

Nikaenda kuwasha jiko. Ila msidhani tulikumbatiana. Alinikasirikia kwelikweli kwa ajili ya mbwa, akalala sebuleni karibu juma zima, na nikinyoosha mkono kwenye sufuria ananiambia, "Usiguse." Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu sasa mbwa alikuwa ananifuata mimi, na mimi nilikuwa nataka kumpikia. Kilichotupatanisha ni chakula cha mchana. Mchana Fundi yuko kiwandani, na karatasi inasema mara tatu. Ikabidi aniachie. Alianza kuniandikia vikaratasi: viazi vimo kwenye kapu, mwiba angalia upande wa kichwa. Nami nikawa nageuza karatasi namjibu nyuma: kala chote, mchicha kautema. Tuliandikiana hivyo siku nyingi kabla hatujaanza kuongea vizuri.

Mama mkwe alikuja miezi ile, macho yanamsumbua, anakwenda hospitali. Akamkuta mwanawe anakoroga.

"Hiki cha nani?"

"Cha mbwa, mama."

"Na mkeo anafanya nini?"

"Anasahihisha madaftari."

Mama akakaa, akaomba kijiko, akaonja. "Hakina chumvi."

"Mbwa haruhusiwi chumvi."

"Kwani amelazwa?"

Akajipakulia sahani nzima, akatia chumvi, akaila yote, akasema boga limeiva vizuri. Mbwa siku ile alikula ugali, na hakufa. Baadaye tukiwa wawili aliniambia marehemu mumewe aliishi naye miaka zaidi ya thelathini na hakujua chumvi inakaa wapi. Sikujua kama ananilaumu au ananionea kijicho. Nadhani alikuwa ananionea kijicho.

Mbwa alinyooka miguu. Akawa mkubwa, kifua kipana, ingawa ulinzi hakuuweza hata kidogo, kila mgeni alikuwa anamlamba. Tulipohamia Buhongwa alihama na sisi, na aliishi mpaka binti yetu akaanza shule.

Maana tulipata binti. Alipofika umri wa kuanza kula, mume wangu alinunua sufuria mpya, akanunua karanga na dagaa na mchele wa kusaga, akaniuliza maswali mpaka nikachoka. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa anapika uji, anaupuliza, anamlisha mtoto mlangoni, na wanawake wa mtaa wakiteremka kisimani wanasimama kumtazama. Baadhi walikuwa wanaita wenzao waje waone. Mimi nilikuwa nimeamka kabla yake, nimeshafua nepi, nimechota maji mara mbili, nimefagia uwanja, matiti yananiuma kwa maziwa, na mtoto akiniona anageuzia uso kwa baba yake.

"Una bahati, Mwalimu," waliniambia. "Mwanamume wa hivyo anapatikana wapi?"

Kila asubuhi waliniambia, na kila asubuhi kile kidonda kilinichoma upya, kwa sababu mimi nilipopika hakuna mtu aliyewahi kusimama njiani kutazama. Nilisema asante. Nikachukua ndoo, nikateremka nao kisimani, nikiwasikiliza wakimsifu mpaka tukafika.